Dawa Iliyobaki Ng'ambo ya Barabara

Jirani zangu, na nyinyi ambao hatujuani ila mnapika, mnazaa na mnazika kama sisi, nina neno la kuwaambia na sitalisema kwa kunong'ona. Mimi ni msusi. Kazi yangu ni vichwa vya watu, na anayeshika vichwa vya watu kutwa nzima husikia mengi. Mengi nayaacha yapite. Hili siliachi. Mwenyewe limemkuta, mwenyewe kaniruhusu nilisimulie, ila kaomba nisimtaje jina. Basi nitamwita Pindo, kama wateja walivyomwita, kwa sababu gauni aliloshona yeye hata ulipindue ndani nje, uzi wa pindo huuoni.

Pindo na mimi tulipanga chumba kimoja cha barabarani chenye mlango mpana wa mbao. Upande mmoja viti vyangu, kioo na ndoo ya kuoshea nywele. Upande wa pili cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye droo ndogo pembeni inayofungwa kwa ufunguo. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wetu, ndiyo nyumba ya kina Pindo. Mtu akipiga chafya kule, sisi huku tunamwambia pole.

Asubuhi zetu zilikuwa nzuri. Mume wa Pindo ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na vijana wa karakana wanamwita Cheche. Suruali zake zote zimetobolewa na moto wa kuchomelea, na Pindo alikuwa akizitia viraka huku akiniambia kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na chujio. Mama yake Cheche aliishi nao. Saa ya chai mama huyo alivuka barabara na chupa mkononi, akinyoosha mkono mwingine kuyasimamisha magari kama askari, na dereva akipiga honi, alimgeukia akamwuliza kama anawahi kuzaa. Sisi tulicheka mpaka kichwa cha mteja kinanitoka mkononi.

Sikilizeni vizuri, maana najua mnapenda hadithi za wakwe wabaya. Hii siyo. Pindo alikaa miaka bila kupata mtoto, na yule mama hakuwahi kumrushia hata neno moja la pembeni. Mtu akimwuliza mbona hana mjukuu, alijibu, "Ninaye mkwe, wewe unaye?" Mnaona alivyo.

Basi Pindo akashika mimba. Furaha ya nyumba ile siwezi kuieleza. Cheche alianza kupiga mluzi barabarani, mtu mzima na ndevu zake. Pindo akaenda kliniki ya wajawazito, na nesi akamwambia kwamba safari ijayo aje na mwenzake, wapimwe pamoja. Cheche alikuwa na geti kubwa la kumaliza. Akasema maneno ambayo wanaume wengi mnayasema, na mkiyasema mnajiona mna akili.

"Nenda wewe. Majibu yako ndiyo yangu. Tunalala kitanda kimoja, tutakuwaje na majibu mawili?"

Hebu nisimame hapo kidogo. Damu ya mke wako haipiti kwenye mishipa yako, baba. Anaweza kuwa na virusi wewe huna, unaweza kuwa navyo wewe yeye hana. Kumtuma mwenzako akapime kwa ajili yako ni kama kumtuma akaoge kwa ajili yako. Utabaki na jasho lako. Lakini Cheche aliamini alichosema, wala hakuwa na nia mbaya. Alivaa miwani yake ya kuchomelea akaendelea na geti.

Pindo akaenda peke yake. Akakutwa na virusi vya ukimwi.

Kaniambia kwamba nesi alizungumza naye taratibu, akafunga mlango, akamsogezea kiti. Alimweleza kwamba haya ni maradhi yenye dawa. Kwamba akimeza vidonge kila siku bila kuruka, virusi vitafifia mpaka visionekane kwenye kipimo, naye ataishi na kuzeeka. Kwamba mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa salama na kunyonya salama. Azalie hospitali. Baada ya hapo mtoto atapewa dawa yake mwenyewe, dawa ya maji, kidogo kidogo kila siku kwa wiki kadhaa, na mama aendelee na vidonge vyake muda wote wa kunyonyesha na baada yake. Mwisho nesi akamwuliza ni nani nyumbani atakayemsaidia, kwa sababu safari hii ni ndefu na mtu mmoja huchoka. Pindo akajibu, "Mume wangu. Nitamwambia leo hii."

Alikuwa na nia ya kumwambia. Alirudi akakuta mumewe mlangoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, na mama mkwe kakaa barazani anachagua mchele. Cheche akauliza, "Vipi?" Pindo akafungua mdomo. Akamtazama mama mkwe. Akasema, "Tuko salama."

Cheche akacheka, akasema si alijua tangu mwanzo. Akaenda kuwatangazia vijana wa karakana kwamba yeye na mkewe wako safi. Ikawa ndiyo hivyo, neno limeshatoka na limeshavuka barabara.

Mtauliza alimwogopa nini mama ambaye hajawahi kumsema vibaya. Ngojeni niwaambie. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na chumba cha kupangisha, na mwaka uliotangulia alikaa humo mwanamke mmoja aliyejulikana kwamba ana virusi. Yule mama, huyu huyu mwenye chupa ya chai, alimkataza asichote maji kwenye mtungi wa nyumbani, akamwambia aanike nguo zake kwenye kamba ya peke yake, mpaka mwanamke wa watu akahama. Siku aliyohama, jioni wanakula, mama akasema, "Mimi mtu mwenye ugonjwa ule siwezi kula naye sahani moja, Mungu anisamehe." Alisema hivyo wakati mkono wa Pindo uko ndani ya sahani hiyo hiyo. Ujinga mtupu, maana virusi haviambukizwi kwa sahani, wala kwa maji, wala kwa kamba ya nguo. Lakini maneno yalikaa moyoni mwa Pindo, na siku ya majibu ndiyo yaliyomfunga mdomo.

Basi vidonge akavificha kwenye droo ya cherehani. Nyumbani asingeweza, mama mkwe ni msafi kupindukia, hupangua kabati hadi chini ya gazeti lililotandikwa ndani. Kazini ilikuwa rahisi. Kila asubuhi Pindo alivuka barabara, akaketi, akafungua droo, akatia kitu mdomoni, akanywa maji, akafunga. Mimi nilidhani ni vidonge vya kuongeza damu. Hakuruka hata siku moja, hata akitapika, hata mvua ikinyesha. Kliniki walipompima tena walimpongeza, virusi vimefifia kabisa. Mtoto alikuwa salama tumboni. Shikeni hapo, jamani. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake yote.

Siku ya kujifungua ilipofika, mtoto alikuwa amelala upande, wakamfanyia Pindo upasuaji. Akatoka mtoto wa kiume, mnene, ana nywele ambazo mimi msusi nilizitamani. Wodini humo humo akapewa matone yake ya kwanza ya dawa. Siku ya kuruhusiwa mkunga akampa Pindo chupa ya dawa ya maji na bomba dogo la kupimia, akamwonyesha jinsi ya kumpa mtoto, akamwuliza tena kama nyumbani wanajua. Pindo akasema wanajua. Mama mkwe alikuwa koridoni na mfuko wa nguo na sauti yake, anawaeleza manesi wote kwamba amepata mume mpya, yule wa zamani alishakufa zamani. Tangu siku ile mtoto huyo kwake hakuwa na jina jingine. Ni "mume wangu" tu.

Walirudi kwa gari la kukodi. Walipofika karibu, Pindo akaomba gari lisimame kwenye mlango wetu, eti kuna gauni la mteja anataka kuliangalia. Aliingia ameinama, mkono mmoja juu ya mshono wa tumbo. Nikamshangaa, nikamwuliza gauni gani hilo lisilosubiri. Akafungua droo, akaweka kitu, akafunga, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kanga. Akaniambia, "Dada, droo yangu asiiguse mtu." Nikamjibu nani ana shida na vifungo vyako. Akatoka.

Hesabu yake ilikuwa hivi, na alinieleza mwenyewe baadaye. Kesho asubuhi atavuka kama kawaida, mtoto kambeba, atakaa kwenye kiti chake, atameza vyake, atampa mtoto dawa yake, atarudi nyumbani kupumzika. Barabara yenyewe ni hatua chache. Nani atajua?

Alichosahau kukiweka kwenye hesabu ni mapenzi ya mama mkwe.

Yule mama alipokuwa msichana, dada yake alijifungua kwa upasuaji, akarudi shambani kabla ya wakati, mshono ukaachia, akafa. Jambo lile halikumtoka kamwe. Kwa hiyo mkwe wake alipofika na mshono, alitandika mkeka wake kizingitini, akasema Pindo hatoki, hainami, hanyanyui ndoo, na pedali ya cherehani asahau kabisa mpaka apone. Yeye alipika, alifua nepi, alimwogesha mtoto huku akimtania kwamba mume gani huyu anayemkojolea mkewe. Tulikuwa tunamsikia huku ng'ambo. Wateja wangu walikuwa wanasema Pindo ana bahati, angalia anavyoenziwa. Na kweli alifunikwa kwa mapenzi juu mpaka chini, akafungiwa humo.

Asubuhi ya kwanza Pindo akasema anavuka mara moja kuchukua mkasi wake. Mama mkwe akamwambia kaa. Akavuka yeye, akayasimamisha magari, akaja kwangu, akachukua mkasi juu ya cherehani, akarudi nao. Siku nyingine Pindo akasema anataka uzi mweupe. Mama akavuka tena. Alisimama pale pale kwenye cherehani, akanitania kwamba mimi nimezeeka na sina hata mume wa kuogesha, akachukua uzi, akaenda zake. Mkono wake ulikuwa karibu na ile droo kiasi cha kuigusa.

Mimi nilikwenda kumwona mtoto. Nilikaa kitandani kwa Pindo, nikambeba yule mnene. Mama mkwe alikuwa hapo hapo chini anakunja nepi. Pindo akanitazama sana. Nilidhani ana jambo la kike la kuniuliza. Mwisho akasema, "Droo yangu hujaifungua?" Nikamwambia nitaifunguaje na ufunguo anao yeye. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa nami pale, nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe, angeweza kunipa ule ufunguo mkononi, na badala yake aliomba droo izidi kulindwa. Hofu ni kitu kibaya, nawaambia. Inakufanya ulinde kile kinachokuua.

Mtasema angemwambia mumewe usiku chumbani. Nami nilimwuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali, mnanijua. Akanijibu kwamba kila siku alisema kesho. Kila kesho ikawa nzito kuliko jana, kwa sababu sasa hakuwa na habari moja ya kusema, alikuwa nazo tatu: kwamba ana virusi, kwamba alidanganya, na kwamba mtoto hajapata dawa. Na mtoto ananenepa, anacheka, anashika kidole cha baba yake hataki kukiachia. Pindo akajipa moyo kwamba labda Mungu amepita njia nyingine. Alikuwa ananyonyesha, wakati vidonge vyake mwenyewe vimekatika, na vile virusi vilivyokuwa vimelala vikaamka mwilini mwake na kuingia kwenye maziwa. Yeye hakuhisi chochote. Haviumi wala haviwashi.

Siku ya chanjo ikafika. Hapo ndipo Mungu alimfungulia mlango mwingine, maana kule kliniki ya wajawazito walikuwa wanamjua, wangemtoa mtoto damu kidogo kisiginoni na kuipima, na jambo lingegundulika mapema. Lakini mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto. Pindo akaogopa nesi asije akasema neno mbele yake. Akasema kule kuna foleni, twende zahanati ile ndogo ya upande wa pili. Wakaenda. Huko hakuna aliyemjua, na yeye hakusema kitu. Mtoto akapimwa uzito, akadungwa sindano yake, akalia, akabembelezwa na mke wake wa kizee, wakarudi.

Mshono ulipopona kabisa, mama mkwe akamruhusu kurudi kazini. Naikumbuka asubuhi ile. Nilimpigia vigelegele. Alimpakata mtoto, akafungua droo, akakaa anaangalia ndani kwa muda mrefu. Akachukua kidonge chake akameza. Chupa ya mtoto hakuigusa. Aliogopa kumpa dawa iliyochelewa bila kuuliza, na aliogopa kwenda kuuliza kwa sababu angekemewa. Angekwenda siku ile, jirani zangu! Nesi angemkemea, ndiyo, wengine wana midomo mirefu. Angelia. Halafu mtoto angepimwa, angeanzishiwa dawa inayomfaa. Kukemewa hakujaua mtu.

Haikupita muda mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo kikavu, kisha kupumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani na pua zinatanuka. Akaacha kunyonya. Mama mkwe alimpaka mafuta ya moto kifuani kwa siku moja, siku ya pili akasema hapana, mume wangu huyu hayuko sawa, akamfunga mgongoni yeye mwenyewe na wakakimbilia hospitali. Mimi nilifuata nyuma nimebeba nguo.

Mtoto akawekewa oksijeni. Daktari, kijana mpole, alisikiliza kifua, akauliza maswali. Akauliza kama mama alipimwa virusi wakati wa ujauzito. Mama mkwe ndiye aliyejibu, haraka, tena kwa fahari, huku amekishika kile kimpira cha oksijeni kisichomoke.

"Walipima. Wako salama wote."

Pindo akasema, "Hapana, mama. Ninavyo. Ninavyo tangu nilipopimwa kliniki."

Nilikuwa pale mlangoni. Mama mkwe hakuondoa mkono kwenye kile kimpira. Alimtazama mkwe wake, halafu mtoto, halafu mkwe wake tena. Daktari akauliza kuhusu dawa ya maji. Pindo akasema ipo, iko kwenye droo. Akaanza kulia kilio kibaya, cha mtu aliyezuia miezi.

Walijitahidi, siwezi kuwalaumu. Walimpima, wakakuta amepata virusi. Wakamwanzishia dawa zote, za mapafu na za virusi. Lakini ilikuwa nimonia, ile inayowapenda watoto wadogo ambao kinga yao imeliwa, na huyu ilimkuta hana ulinzi. Alikufa asubuhi, jua limeshaingia dirishani, akiwa kifuani kwa mama yake. Cheche alikuwa amekwenda kununua maziwa. Alirudi nayo mkononi, akaelekezwa, akakaa sakafuni wodini na suruali yake ya viraka. Mama mkwe aliuchukua ule mwili mdogo, akauogesha mwenyewe. Alimwogesha kama siku zote, anamsemesha, anamwita mume wangu, anamwambia ainue mkono, ainue na wa pili. Nimeona misiba mingi. Sikuweza kubaki chumbani.

Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, yule mama akavuka barabara. Safari hii hakunyoosha mkono, magari yalisimama yenyewe. Pindo alikuwa amekaa nami, hakuwa anashona kitu. Mama akamwomba ufunguo. Akafungua droo, akaitoa ile chupa. Ilikuwa imejaa, mfuniko haujawahi kufunguliwa. Akaishika kwenye mwanga akaitikisa.

"Siku ile nilikuja kuchukua mkasi hapa?"

"Hapa, mama."

"Na uzi?"

"Na uzi."

Akakaa kwenye kiti cha wateja wangu. Akasema, "Mwanangu, si ungenituma tu. Ningekuletea. Ningevuka hata kwa kutambaa."

Pindo akamjibu taratibu, bila hasira, "Ulisema mtu mwenye ugonjwa huu huwezi kula naye sahani moja."

Yule mama akaishusha ile chupa mapajani. 

"Nilisema," akasema. "Nilikuwa namsema mtu baki. Sikujua kwamba nakusema wewe, na mjukuu wangu."

Cheche alikwenda kupima wiki ile ile, naye akakutwa navyo. Nani alianza? Hakuna anayejua, na wewe unayetaka kuuliza, nyamaza, haitamfufua mtoto. Hakumfukuza mkewe wala hakumnyanyulia mkono. Aliniambia mimi, si mkewe, kwamba alidhani kusema majibu yako ndiyo yangu ni mapenzi, kumbe alikuwa anamwacha mwenzake abebe peke yake. Sasa wote wawili wanameza dawa mezani, mama akiwa amekaa nao, na ni yeye anayewamiminia maji. Wanakula sahani moja. Ila nyumba ile imekuwa kimya. Saa ya chai tunaona chupa inavuka barabara, hatusikii utani wa mama.

FUNZO

Nimewaambia mwanzo kwamba sitanong'ona, basi sikilizeni na haya. Mwanamke mwenye virusi anaweza kuzaa mtoto asiye navyo, na wanazaliwa kila siku, mimi nasuka nywele za mama zao. Lakini kuzaa salama peke yake hakutoshi. Kazi inaendelea mtoto akiwa mikononi: mama anameza vyake, mtoto anapewa yake, anarudishwa kupimwa kwa wale wanaomjua, kipindi chote cha kunyonya. Ukiruka siku, ukaruka na wiki, usijifiche. Rudi siku hiyo hiyo uliyokumbuka. Ukikemewa, kemewa, lakini rudi.

Wanaume, nendeni na wake zenu kliniki mkapime. Geti linasubiri. Nanyi manesi, tunawapenda, lakini mjue kwamba kuna mama kakaa nyumbani na dawa yake kwa kuogopa sauti zenu. Na mama akiwaambia kwamba nyumbani wanajua, msiliache neno hilo hapo hapo, mwulizeni dawa inakaa wapi na nani ataileta akiwa kitandani.

La mwisho ni letu sote, na ndilo linaloniuma zaidi. Tunapokaa tukila, tunawasema wagonjwa. Tunacheka, tunawatengea vyombo, tunaapa kwamba sisi hatuwezi kukaa nao. Hatujui ni nani mezani ameshamaliza kusikia na ameamua kwamba hatatuambia kamwe. Yule mtoto hakufa kwa kukosa dawa. Dawa ilikuwepo, na mtu wa kuvuka kuileta alikuwepo, anampenda, amekaa kizingitini anasubiri kutumwa.